Pamina analia kwa G, sisi tukamshusha

Mazoezi yalikuwa yameisha, kwaya imetawanyika, tumebaki watu wanne kanisani. Dada mmoja wa soprano alikuwa anaandaa "Ach, ich fühl's", aria (wimbo wa mtu mmoja) ya msichana Pamina kwenye opera ya Mozart Die Zauberflöte, aje aiimbe kwenye tamasha dogo la muziki. Alikuwa ameifanyia kazi kweli kweli, Kijerumani kimeshamkaa mdomoni, pumzi anajua wapi pa kuvuta na wapi pa kubana. Shida ilikuwa moja tu. Kila akifika pale sauti inapopanda mpaka B flati ya juu, koo linakaza.

"Mwalimu, hapa pananibana."

Mwalimu wala hakubishana naye, akapeleka kidole kwenye kitufe cha kuhamisha ufunguo, yaani noti ambayo wimbo unaifanya nyumbani, akabonyeza mara mbili, kinanda kikashuka nusu toni mbili. G maina ikawa F maina (maina ni ngazi ya noti ambayo wengi huiita ya huzuni, meja ya furaha). Wakaanza upya.

Ikatoka nzuri. Nasema ukweli, ilitoka safi, noti ya juu ikakaa bila kutetemeka, mwalimu akafurahi, na yule dada mwenyewe ulimwona kabisa ametua mzigo.

Ila mimi pale kwenye benchi nilikuwa najiuliza Pamina ameenda wapi.

Sikusema kitu, maana ningesema nini? Noti ni zilezile, maneno yaleyale, mwendo uleule. Lakini swali halikuniacha. Nikawa naisikiliza ile aria kwenye daladala, naisikiliza usiku, nakwenda nayo kazini, wiki baada ya wiki, nataka nijue kama kweli kuna kitu kilipotea au ni masikio yangu tu yamezoea rekodi za watu wakubwa. Je, ufunguo wenyewe unabeba huzuni? Hiyo G ina kitu ambacho F haina?

Do ni B flati, do ni A flati

Sisi tuliokulia kwenye kwaya tulifundishwa solfa kabla ya kitu kingine chochote. Mfumo ulitengenezwa Uingereza karne ya 19, John Curwen akiendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, wamisionari wakaubeba mpaka huku, na mpaka leo karatasi za do re mi ndizo zinazotembea kwenye kwaya zetu.

Kwenye solfa ufunguo ni mstari mmoja tu juu ya karatasi. Ukiiandika aria ya Pamina kwa solfa utaweka do ni B flati, maana kwenye G maina nyumbani ni la, na la hiyo ndiyo G. Ukiishusha kama tulivyofanya sisi, unafuta B flati unaandika A flati, basi. Chini yake hakuna herufi hata moja inayoguswa. Wimbo ni uhusiano wa noti na noti, mahali pa kuanzia ni suala la masoprano wameamkaje leo. Nimeimba hivyo miaka yote na wala sioni ubaya wake, nyimbo zimepona na watu wamebarikiwa.

Hata ukienda kwenye taarabu ni karibu hivyohivyo. Wapiga ganuni wa Zanzibar wanajua rasti, bayati, hijazi, kila makamu, yaani ngazi ya noti, ina ladha yake na msikilizaji anaisikia mara moja, ila makamu inaweza kuhamishwa ikamfuata mwimbaji pale sauti yake ilipo. Ladha iko kwenye hatua kati ya noti, haiko kwenye mahali ulipoanzia kuhesabu.

Kwa hiyo mtu akiniambia G maina ina machozi yake na F maina ina mengine, malezi yangu yote ya muziki yanakataa.

Na bado kile nilichokisikia jioni ile nilikisikia.

Orodha iliyotoka gerezani

Nikaanza kutafuta, na kama umewahi kutafuta habari hizi lazima utakutana na Christian Schubart. Mjerumani, mshairi, mpiga kinanda hodari, mtu wa maneno makali, mpaka Mtawala wa Württemberg akamfungia kwenye ngome ya Hohenasperg miaka kumi, 1777 hadi 1787, bila kesi. Akiwa humo ndani ndipo alipotunga kitabu chake kuhusu uzuri wa muziki, na ndani ya kitabu kuna orodha ya funguo zote na hisia ya kila moja. Kilichapishwa 1806, yeye alishakufa tangu Oktoba 1791.

Orodha yenyewe inavutia, siwezi kukataa. C meja ni usafi wa moyo na mambo ya mtoto. E flati meja ni upendo, ibada, mazungumzo ya ndani na Mungu, na flati zake tatu ni Utatu Mtakatifu. D maina ni majonzi ya kike. F maina ni huzuni ya chini kabisa, kilio cha msiba, mtu anatamani kaburi. G maina ni kutoridhika, mashaka, mtu mpango wake umevunjika na anauma meno.

Nikawa nachukua kila aria ninayoijua naipima. Na hapo ndipo ilipoanza kuniponyoka.

Chukua Malkia wa Usiku, "Der Hölle Rache", yuleyule mama yake Pamina. D maina. Anampa binti yake kisu akamuue adui yake Sarastro, anamwambia usipofanya hivyo wewe si mwanangu tena, sauti inaruka mpaka F iliyo juu kabisa ambayo masoprano wengi hawaifikii maisha yao yote. Majonzi ya kike yako wapi hapo? Yule mama anawaka moto. Ila ukiangalia okestra utaona kitu kingine, kuna tarumbeta na timpani, na tarumbeta za wakati ule hazikuwa na vali, zilikuwa zinatengenezwa kwa ajili ya ufunguo fulani, na D ilikuwa moja ya funguo zao za nyumbani. Ukitaka hasira yenye tarumbeta na ngoma, D inakuita yenyewe. Sababu ya mabomba ya shaba hiyo, wala si ya roho.

Na Pamina mwenyewe hang'ati meno. Amekata tamaa.

Nikaiweka orodha pembeni. Ni ushuhuda wa mtu mmoja mwenye masikio mazuri na mateso mengi, naiheshimu, lakini haikunijibu.

Watu watatu, mahali pamoja

Kilichonirudisha kwenye imani kwamba ufunguo una uzito wake ni Die Zauberflöte yenyewe, ile Filimbi ya Uchawi, nilipoisikiliza yote kwa mpangilio badala ya kuokota aria mojamoja.

Malkia anapotokea mara ya kwanza anamwambia Tamino, mwana wa mfalme anayempenda Pamina, kwamba yeye Malkia amechaguliwa kuteseka kwa sababu binti yake hayupo naye. Aria inaanza kwa B flati meja, kifalme, lakini akifika kwenye maneno hayo ya kumlilia mtoto muziki unatulia unaingia G maina.

Baadaye, sehemu ya pili, Pamina anamkuta Tamino na Tamino hamjibu, kwa sababu yuko kwenye nadhiri ya kunyamaza na Pamina hajui. Anadhani hapendwi tena. G maina.

Karibu na mwisho kuna Papageno, mwinda ndege, mtu wa kula na kucheka, ameshampoteza mke aliyeonyeshwa kwa dakika chache tu na sasa yuko chini ya mti na kamba. Anahesabu moja, mbili, tatu, hakuna anayekuja kumzuia. Muda wote alikuwa kwenye G meja, na hapo anapoiaga dunia ya uongo, usiku mwema, muziki unageuka G maina.

Mama, binti, na mtu wa kawaida kabisa. Kila mmoja akifika mahali ambapo aliyempenda hayupo na hatarudi, Mozart anampeleka mahali palepale.

Nilivyoliona hili nilisimama, kweli, nikarudia zile sehemu tatu moja baada ya nyingine. Haiwezekani iwe bahati. Miaka kumi nyuma kwenye Idomeneo, 1781, binti wa mfalme wa Troy anaomboleza baba na ndugu zake, G maina. Kwenye Die Entführung aus dem Serail, 1782, Konstanze mateka anaimba huzuni imekuwa fungu langu, G maina tena. Mwanamke aliyetenganishwa na wake, kila mara G.

Basi nikasema nimeshinda, G ina kitu.

G ipi hiyo?

Halafu nikakutana na suala la kimo cha sauti, yaani noti moja inapimwa juu au chini kiasi gani.

Leo okestra nyingi zinapimia A ya mitetemo 440 kwa sekunde, kipimo kilichokubaliwa kwenye mkutano wa London 1939. Ufaransa walikuwa wameweka 435 kwa sheria mwaka 1859. Kabla ya hapo kila mji na lake, na wanaopiga Mozart leo kwa ala za zamani wanatumia 430 hivi. Tofauti ni karibu nusu ya nusu toni. Yaani G ambayo mwimbaji wa kwanza aliisikia pale Vienna iko chini kuliko G ya kinanda chetu, na ile B flati iliyokuwa inambana dada yetu siyo B flati aliyoandikiwa Pamina, ni ya juu zaidi.

Sasa kama huzuni inakaa ndani ya G, inakaa kwenye G ipi?

Kuna jambo lingine linalotetea funguo. Vinanda vya karne ile havikuwa vimepimwa sawasawa kama vyetu. Leo kila nusu toni ni sawa na mwenzake, ndiyo maana kitufe cha kuhamisha kinafanya kazi, lakini zamani fundi alikuwa anazifanya funguo zenye alama chache ziwe tamu na zile zenye flati nyingi zinabaki na ukali kidogo. F maina yenye flati nne ilikuwa chungu sikioni kuliko G maina yenye mbili. Ila hii nayo inaishia kwenye kinanda. Violini na koo havina funguo zilizopimwa na fundi, vinajirekebisha vyenyewe noti kwa noti.

Nikawa nimerudi nilipotoka, tena nimechoka.

Tunalia kwa meja

Katika kuzunguka huko nikaikumbuka aria ambayo inavuruga kila kitu, "Che farò senza Euridice" ya Gluck. Vienna, 1762. Orfeo ameshuka kuzimu kumfuata mkewe, amempata, amegeuka kumtazama, amempoteza mara ya pili kwa kosa lake mwenyewe. Hakuna msiba mkubwa kuliko huo kwenye opera nzima. Na anaimba nini? C meja. Ufunguo wa mtoto asiye na hatia, kwa orodha ya Schubart.

Watu walilisema hili zamani. Eduard Hanslick, mhakiki wa Vienna, kwenye kitabu chake cha 1854 alitumia aria hiyohiyo kuonyesha kwamba ukibadilisha maneno kutoka nimempoteza Euridice yangu ukaweka nimempata, wimbo utakubali vilevile. Gluck mwenyewe kabla ya hapo, 1770, aliandika kwamba ukiibadilisha kidogo tu namna ya kuiimba itageuka kuwa ngoma ya vikaragosi. Yeye aliyeitunga alijua huzuni yake inaning'inia kwenye uzi mwembamba. Na mwaka 1774 alipoipeleka Paris kwa mwimbaji wa sauti nyingine, aliihamisha mpaka F. Gluck mwenyewe alibonyeza kitufe!

Wala sisi hatuhitaji Gluck kutuambia hili. Nenda msibani. Nyimbo za tenzi tunazoimba jeneza likishushwa nyingi ni za meja, watu wanaziimba kwa sauti nne bila karatasi, mama mkubwa anaanza shairi la pili sauti inakatika, wengine wanapokea. Nimesimama kwenye makaburi mengi nikiimba besi ya meja huku nalia. Mtu akiniambia meja ni furaha na maina ni huzuni najua hajawahi kuzikiwa mtu wake na kwaya.

Kwa hiyo siyo herufi, na siyo meja na maina peke yake. Ni nini basi?

Barua ya Septemba 1781

Jibu la kwanza lililonishika nililipata kwa Mozart mwenyewe. Tarehe 26 Septemba 1781 alimwandikia baba yake kuhusu Die Entführung, opera aliyokuwa bado anaitunga, na akaeleza kazi yake kwa undani ambao ni nadra kwake.

Anazungumzia aria ya Osmin, mlinzi wa nyumba ya Pasha, mtu wa hasira. Aria iko F meja. Osmin anafoka, anafoka, unadhani amemaliza, halafu ghafla anaanza upya kwa kasi, anaorodhesha watu wakatwe vichwa, wanyongwe, na kadhalika. Mozart anamweleza baba yake kwamba mtu aliyekasirika kiasi hicho anavuka mipaka yote, hajijui tena, kwa hiyo muziki nao lazima usijijue. Lakini, anasema, hata kwenye jambo la kutisha kiasi gani muziki usiliumize sikio, ubaki muziki. Ndiyo maana hakuchagua ufunguo mgeni kabisa kwa F, alichagua ulio rafiki yake. Ila si rafiki wa karibu zaidi, D maina. Akachukua wa mbali kidogo, A maina.

Soma tena hapo.

Mozart hasemi A maina ni ufunguo wa hasira. Hasemi F ni ya hivi na D ni ya vile. Anahesabu umbali. Osmin alikuwa nyumbani, D maina ingekuwa kama kuhamia nyumba ya pili yenye flati ileile moja, na hasira yake isingesikika. Akimpeleka A maina, flati imeondoka, mtu yuko nje ya uwanja wake, ila barabara ya kurudi bado inaonekana. Hasira iko kwenye hiyo hatua, haiko kwenye A.

Nilikaa na barua hiyo siku nzima. Kumbe nilikuwa nauliza ufunguo unasema nini, wakati mtunzi anauliza umetoka wapi kufika hapo.

Nikaifuata aria kwa penseli

Basi nikachapisha noti za Pamina, nikaanza kufuata anakwenda wapi.

Inaanza G maina, nyuzi zinagusa pigo moja moja na kunyamaza, na yeye anaingia karibu bila utangulizi. Nahisi limetoweka, anasema, furaha yote ya upendo imekwenda milele. Halafu anasema saa za raha hazitarudi tena moyoni mwangu. Na angalia muziki unafanya nini hapo: unaondoka G maina unakwenda B flati meja. Anaposema furaha hairudi, muziki umeshafika kwenye furaha. Amekwenda kuitazama. Na ni hapohapo, kwenye neno moyo, sauti inaanza kupanda kwa noti nyingi nyingi kwenye silabi moja mpaka inafika B flati ya juu, kwa mara ya kwanza kwenye aria nzima.

Pale palipombana dada yetu ndipo hapo.

Hapaliliwi msiba pale, panakumbukwa kitu kilichokuwa kizuri, na kukikumbuka ndiko kunakogharimu kuliko kitu kingine chochote kwenye aria ile. Halafu anamgeukia Tamino, tazama machozi haya, na kuanzia hapo ule mwanga wa B flati haukai tena. Kama huisikii hamu ya upendo, anasema, basi pumziko litakuwa kwenye kifo, na anamalizia G maina, nyumbani. Okestra inaendelea kidogo bila yeye, ikishuka kwa hatua ndogo ndogo, halafu inakatika.

Sasa hapa lazima niwe mkweli na hoja yangu. Safari yote hii inabaki ukishusha. F maina, A flati meja, F maina, umbali ni uleule. Kwa kipimo cha barua ya Osmin mwalimu wetu hakuharibu chochote.

Kilichoshuka ni gharama. Ule mlima kwenye neno moyo umeandikwa pale ambapo sauti ya soprano inaacha usalama wake, ukiwasikiliza waimbaji wazuri unasikia kabisa hapo wanachotoa si noti tu. Tukashusha, akapita pale bila kudaiwa kitu. Sauti ikawa nzuri zaidi na Pamina akawa hajapoteza kitu.

Na nyuzi nazo zina mwili wao. Uzi wa chini kabisa wa violini ni G, chini ya hapo violini haina kitu. Aria ya G maina, violini ikishuka nyumbani inafika kwenye uzi mtupu usiobanwa na kidole, sakafu ya ala yenyewe. Ukishusha mpaka F, hiyo sakafu violini hawana. Kinanda hakiwezi kukuonyesha hili kwa sababu kwake kila noti ni sawa na nyingine, lakini aliyekuwa anaandika alikuwa na vidole vya wapiga violini akilini, naye mwenyewe alipiga violini na viola.

Ndipo nikaelewa kwa nini wale watu watatu wote wako G bila G kuwa uchawi. Hakuna msikilizaji wa kawaida anayeikumbuka G ya saa moja iliyopita. Ila ile okestra inaikumbuka, wapigaji wanarudi kwenye nyuzi zilezile, mlio uleule, na huo mlio unatufikia hata kama hatuwezi kuutaja.

Msichana mmoja, machozi mawili

Kuna jambo moja nililikuta njiani na limekaa nami kuliko yote.

Mwimbaji wa kwanza wa Pamina aliitwa Anna Gottlieb. Siku opera inafunguliwa, 30 Septemba 1791, alikuwa na miaka 17. Miaka mitano nyuma, Mei 1786, Mozart alimwandikia sehemu nyingine kwenye Le nozze di Figaro, Barbarina, binti wa mtunza bustani. Alikuwa ametimiza miaka 12 siku chache tu nyuma.

Barbarina anaimba aria fupi sana, "L'ho perduta", nimekipoteza. Usiku, bustanini, anatafuta kipini alichopewa na Bwana mkubwa akipeleke kwa Susanna, mtumishi wa mke wake. Aria hii ndiyo pekee iliyo maina kwenye opera nzima. Kila mtu humo anadanganywa, anasalitiwa, mke wa Bwana mkubwa analia ndoa yake inavyokufa, wote wanalia kwa meja. Maina imewekwa kwa mtoto aliyepoteza kipini.

Na maina yenyewe ni F. Nyuzi peke yake, hakuna filimbi, hakuna oboe. Kwenye F maina nyuzi tupu za violini, tatu kati ya nne, hazimo kwenye skeli, D, A na E zote zinataka kushushwa, kwa hiyo karibu kila noti inabanwa na kidole, mlio unakuwa umefunikwa. Na wimbo haumaliziki. Unaishia katikati ya swali, bwana naye atasema nini, halafu Figaro anaingia na maongezi yanaendelea.

Wapo wanaosema Mozart alikuwa anatania, huzuni kubwa kwa kitu kidogo. Mimi sikubali. Kwenye sehemu iliyotangulia mtoto huyuhuyu amesema mbele za watu wote kwamba Bwana mkubwa huwa anamkumbatia na kumbusu na kumwahidi chochote akitakacho. Ukiwa na habari hiyo huwezi kusikia kipini tu. Mtunzi alimsikia mtoto huyu wakati hakuna mtu mwingine jukwaani aliyejali, na akampa ufunguo ambao hakumpa mtu mwingine.

Kwa hiyo tulipoteremka nusu toni mbili tulimtoa Pamina kwenye G yake tukamweka kwenye chumba cha Barbarina. Mmoja ana miaka 12 na hajui hata jina la kilichompata. Mwingine anajua kila kitu, na anazungumza na mtu anayempenda ambaye yuko hatua chache tu kutoka kwake. Hizi si huzuni zinazobadilishana vitanda.

F imewekewa nini

Nilimwambia mwalimu haya yote, kwa heshima, naye akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza swali moja: kwa hiyo mtu ambaye noti haifiki asiimbe Pamina? Nikamwambia hapana, mwalimu, aimbe. Gluck alihamisha, waimbaji wamehamisha miaka yote, na aria iliyoimbwa kwa F inazidi aria isiyoimbwa kabisa. Nilichotaka ni tujue tunatoa nini, tusidhani kitufe kile hakina bei. Tungeweza kujaribu nusu toni moja kwanza, ambayo ingetuweka chini kidogo tu ya kimo cha sauti alichoandikia Mozart. Tungeweza kumpa dada miezi michache zaidi. Tungeweza pia kushusha na kumwambia hapa kwenye neno moyo, kwa kuwa koo halikudai tena, itabidi utafute kwingine pa kulipia, kwenye pumzi, kwenye mwendo, kwenye namna unavyoliacha neno.

Mwalimu akasema hilo la mwisho analipenda.

Ila kuna moja sikumwambia kwa sababu nimeligundua juzi tu, nikiwa namalizia kusikiliza sehemu ya pili mpaka mwisho. Pamina na Tamino wanakutana tena mbele ya malango ya moto na maji, sasa Tamino anaruhusiwa kusema. Pamina anamwita, "Tamino mein", Tamino wangu, na wanakwenda kupita hatarini pamoja. Okestra inanyamaza karibu yote, muziki unakuwa mwepesi kabisa.

Ufunguo ni F meja. Mozart alikuwa ameshaamua F ya Pamina na Tamino ni ya siku atakayojibiwa. Kwenye tamasha la aria moja moja haidhuru, hakuna atakayeisikia hiyo F nyingine. Lakini ukiimba opera nzima na Pamina wa F maina, unakuwa umemliza juu ya noti ileile aliyowekewa kwa ajili ya kumpata Tamino.